Ubao Chini ya Kitanda

Kila nyumba ya kampi ya reli ilikuwa na kitu chini ya kitanda. Jirani wa kushoto aliweka gunia la unga, jirani wa kulia aliweka redio na cherehani ya mke wake. Mimi niliweka picha ya treni ambayo haijaisha. Kama katika mji wetu wote wa Kamina kuna mtu mwingine aliyehangaika miaka yote ile ya vita na kitu kisicholiwa, kisichovaliwa wala kuuzika, ajitokeze tupeane mikono.

Ilikuwa pazeli. Ni picha iliyokatwa vipande vidogo vidogo vya karatasi ngumu, kila kimoja na meno yake na mashimo yake, nawe unavipachika mpaka picha itokee. Niliachiwa na mke wa mmisionari siku zile wanajeshi walipoanza kupora maduka na wazungu wa misheni wakakimbilia ndege huko Base, uwanja wa ndege wa jeshi, kila mmoja na mfuko mmoja. Walioishi karibu naye waligawiwa friji, magodoro, sufuria za chuma kizito. Mimi, niliyemfundisha Kiswahili kwa uvumilivu mkubwa, maana alikuwa mgumu wa sikio kuliko darasa langu lote la tatu, niliambulia boksi. Nilinuna wiki nzima.

Aliyelipenda boksi ni mume wangu. Alikuwa mashinisti, dereva wa treni, mtoto wa mashinisti, na kwenye kifuniko cha boksi palikuwa na treni inayovuka daraja la mawe, nyuma yake milima yenye theluji na juu yake mbingu pana ya buluu. Aliitazama muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Banatudanganya," akasema. "Mashini inapanda mulima vile na moshi kidogo vile? Aiwezekane."

Basi jioni ile ile akaimwaga mezani. Akavigawa vipande kama wanavyogawa mabehewa uwanjani: vyenye ukingo ulionyooka ndani ya kopo la maziwa, mawe ya daraja ndani ya kopo la sadini, treni ndani ya kikombe chake mwenyewe cha chai. Treni aliichukua yeye. Mbingu nikapewa mimi, kopo zima. Nilipouliza kwa nini, alijibu kwamba mwalimu ana subira. Mwanamume huchagua kazi inayoonekana. Vipande vya mbingu vyote ni buluu, unaweza kukaa jioni nzima ukapachika kimoja, na hakuna atakayekupongeza.

Meza yetu ilikuwa moja tu, na juu yake tulikula, nilisahihisha madaftari na nilipiga pasi. Pazeli haikuweza kukaa hapo. Kwa hiyo akatafuta ubao mwembamba uliotoka kwenye kasha la vipuri, akaupiga msasa, akapigilia vijiti kuzunguka kingo zote ili kipande kisiteleze. Kisha akakata ubao wa pili wa kufunika. Zile mbili alizibana kwa mipira ya tairi la baiskeli, kwa urefu na kwa upana, zikaingia chini ya kitanda bila kugusa sakafu, juu ya matofali manne. Miguu ya kitanda ilikuwa tayari ndani ya makopo ya majivu na mafuta machafu ya mashine, maana mchwa wa Kamina hawachagui kati ya Biblia na mlango. Majani ya tumbaku mimi niliyaweka pembeni kwa ajili ya panya. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kuweka kitu ni jambo moja, na kukihifadhi ni jambo lingine.

Hatukujaliwa mtoto. Hilo ninalisema mara moja ili nisilizunguke. Wanawake wa kanisani waliniombea mpaka nikawa naona haya kwenda kanisani. Lakini zile jioni, taa ya mafuta katikati, vichwa viwili vimeinama juu ya ubao, yeye akiimba kwa sauti ya chini akitafuta gurudumu la nyuma, sikuhitaji kuombewa chochote. Nilikuwa na furaha, na nilijua kwamba nina furaha, jambo ambalo si watu wote hujua kwa wakati wake.

Vita vya kwanza vya nchi yetu vilitupita kwa kishindo na tukabaki wazima. Vita vya pili vilipoanza, yeye alipangiwa treni ya kwenda kaskazini, kupitia Kabongo kuelekea Kabalo. Asubuhi ya kuondoka alikuwa amekwisha vaa koti lake la kazi. Akavuta ubao, akafungua mipira. Treni ilikuwa imekamilika yote kwa mikono yake, daraja na milima pia, lakini mbingu yangu ilikuwa na shimo kubwa katikati. Akaingiza ukucha, akachomoa kipande kimoja, kile chenye taa ya mbele ya mashini, akakitia mfukoni kwenye kifua.

"Unaharibu!" nikamwambia.

"Hapana. Hii njo bâton yangu."

Hapa lazima nieleze, maana aliyekulia mbali na reli hataelewa. Njia yetu ni moja. Treni ikienda, nyingine haiwezi kuja. Zamani za baba yake, kabla ya simu kufika kila stesheni, kwa kila kipande cha njia palikuwa na kijiti kimoja tu, bâton. Mkuu wa stesheni alimpa mashinisti mkononi, na asiye na bâton hakuruhusiwa kuingia hata kama ni gavana amekaa nyuma. Yule aliyeichukua akifika na kuikabidhi, hapo njia huwa huru kwa mwingine. Asipoikabidhi, njia imefungwa. Baba yake alimfundisha hayo kabla hajajua kusoma.

"Mupaka bâton irudie," akasema, "hakuna muntu anaingia ku njia. Weye usipachike kitu. Siku bâton inarudia, njia iko libre."

"Na mbingu yangu?"

"Itaningoja. Ile mbingu haina haraka."

Akacheka, akanywa chai akiwa amesimama, akaenda. Nilisikia honi yake pale kwenye makutano ya njia. Kila mashinisti ana namna yake ya kupiga honi, na wake zao wanaijua kama wanavyojua kikohozi.

Siku chache baadaye njia ya kaskazini ilikatika. Upande wa kule ukawa wa waasi, upande wetu wa serikali, na treni yake ilikuwa upande wa kule. Nilikwenda misheni ambako palikuwa na fonie, ile redio ya kuitana, nikakaa kwenye benchi na wanawake wengine. Yule aliyeishika alituambia kwamba kuongea na upande wa kule ni marufuku, atafungwa. Nilirudi tena na tena, mpaka ikawa akiniona tu analitazama dirisha.

Darasani niliandika ubaoni methali za kufundishia, kama ilivyo kawaida. "Subira huvuta heri." Niliigeukia nikaisoma, nikaifuta. Nikaandika "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Hiyo niliiacha.

Upweke watu huusimulia vibaya. Wanasema nyumba ilikuwa kimya. Nyumba yangu haikuwa kimya hata kidogo: ndege kubwa za majeshi ya nchi rafiki zilipita juu ya paa zikielekea Base, vikombe vikalia kabatini, wakimbizi kutoka Malemba-Nkulu na ng'ambo yake walijaa kwa majirani, watoto walilia, majogoo waliwika. Upweke ni kupika sufuria ndogo. Ni kumaliza kusahihisha madaftari, kuinua kichwa ili useme jambo la kuchekesha ulilokuta kwenye daftari la mtoto, na kulimeza.

Kwa hiyo nilitunza ubao. Kila Jumamosi baada ya kupiga deki niliuvuta, nikafungua mipira, nikainua kifuniko. Msimu wa mvua karatasi hunyonya unyevu na kujikunja, basi niliufungua mlangoni upate jua la asubuhi, si la mchana, maana la mchana hupausha rangi. Tumbaku nilibadilisha. Mipira ya baiskeli ilipokauka na kupasuka nilitafuta mingine. Halafu nilitazama: treni kipofu, isiyo na taa, katikati ya daraja, juu yake shimo langu. Kopo la mbingu lilikuwa hapo hapo, limejaa. Kuna siku mkono wangu ulichukua kipande wenyewe, na nikaona kabisa mahali pake. Nikakirudisha koponi. Kama ningeanza kupachika, ningekuwa nimesema kwamba simngoji tena. Nilikuwa nimeshika jambo moja tu la huyo mtu, nalo ni hilo.

Siku moja ilivuma kwamba mji unaanguka. Kampi yote ikafunga mizigo. Watu walibeba magodoro, mbuzi, milango iliyong'olewa. Mimi nilifunga ubao kwa kitenge, nikauweka kichwani umelala, nikatembea nao taratibu kwenye barabara ya kutokea mjini, shingo imekakamaa, huku wanaokimbia wakinipita. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alinifuata hatua kadhaa.

"Mama, mikate unauzisha ngapi?"

"Si mikate."

"Basi iko nini?"

"Iko bwana yangu," nikamwambia kwa hasira, naye akaondoka haraka, labda mpaka leo anasimulia. Alasiri hiyo hiyo tuliambiwa ni uvumi mtupu, tukarudi. Nilifungua ubao kabla ya kuvua viatu. Kila kipande kilikuwa mahali pake.

Mwaka ukapita, na mwingine. Ndipo ndugu za mume wangu wakaanza kuja jioni na kukaa bila kusema walichojia. Mwishowe kaka yake akatoa: "Asiyekuwepo na lake halipo. Tumulilie muntu yetu, ikwishe." Walitaka kuweka matanga. Kwetu matanga hayasubiri maiti ikiwa maiti haitakuja. Vitu vyote vinatolewa sebuleni na chumbani, kitanda kinafunguliwa na kupelekwa uani, wanawake wanalala sakafuni juu ya mikeka, na aliyeondoka anaondoka kweli. Nilikataa. Nikaitwa mwenye kiburi, na kuna aliyesema kwamba mwanamke asiyezaa ndiye hung'ang'ania nyumba. Nilimfungulia mlango nikamwonyesha njia.

Wakamtuma mama mkwe. Alikuja kutoka Kinkondja kwa ndugu zake, juu ya mzigo wa samaki wakavu, mjane wa mashinisti, mdogo wa mwili, mwenye sauti ya kuamrisha stesheni nzima. Hakuniomba ruhusa; angeiomba vipi kwa ajili ya mtoto wake? Asubuhi aliingia na wanawake wa ukoo, vichwa vimefungwa vitambaa, mikeka kwapani. Kabla sijafika chumbani walikuwa wameshika kitanda, wawili mbele, wawili nyuma, wakakiinua. Na pale sakafuni, juu ya matofali yake, ukabaki ubao wangu umefungwa mipira kama mtu aliyekamatwa.

Walirudi nyuma. Kitu kilichofungwa chini ya kitanda cha mke ambaye mume wake hajarudi: najua walichokifikiria, na yeyote angekifikiria.

"Fungula," akasema mama mkwe.

Nilipiga magoti nikafungua. Wakaona treni. Mmoja akacheka kwa woga. Mama mkwe aliinama, akaweka kidole mbele ya mashini, pale penye tundu.

"Taa iko wapi?"

"Iko naye, mama. Aliitoa siku ya kuenda. Alisema njo bâton yake."

Kidole hakikutoka pale tunduni. Niliwaona wale wanawake wakimtazama yeye, sio mimi. Kisha akanyooka polepole, mkono kiunoni.

"Mulisikia?" akawaambia. "Bâton iko inje. Bâton ikiwa inje, njia inafungwa. Nani anaweza kusema treni ilikufa, na bâton haiyarudia? Rudisheni kitanda."

"Lakini mama..."

"Rudisheni kitanda!"

Wakakirudisha. Mikeka ikaondoka kama ilivyokuja, na yeye akabaki. Alisema anabaki siku chache apumzike, siku zikawa miaka. Alilala chumba kidogo, alikaanga samaki wake, aligombana na jirani wa kulia kuhusu maji ya bombani. Jumamosi alivuta kiti akakaa nikifungua ubao. Hatukuongea sana. Mimi nilikuwa nangoja mume, yeye mtoto. Ungedhani ni kungoja kumoja, lakini kila mtu aliingia na kungoja kwake chumbani na kufunga mlango. Hata hivyo sufuria ilirudi kuwa kubwa kidogo, na kwa hilo namshukuru.

Amani ilitangazwa. Muda mrefu ulipita bado, reli ikirekebishwa, mpaka siku moja kampi yote ikasema treni ya kaskazini inafika. Mama mkwe alivaa kitenge alichokiweka tangu Pasaka. Stesheni ilijaa watu mpaka juu ya mapipa. Tuliisikia kabla hatujaiona, na honi ilipopigwa mwili wangu ulijua mara moja. Haikuwa yake.

Aliyeshuka, tuliyemjua, ni mtu wa breki aliyekuwa ameondoka naye treni moja. Alikuwa amekonda, mvi zimemwingia. Mama mkwe alimkamata kola.

"Mutoto yangu?"

"Iko muzima, mama."

Sijapata kusikia sauti kama ile aliyoitoa. Alipiga vigelegele, akajifunga kitenge kiunoni, akaanza kucheza pale pale kwenye saruji, na wanawake ambao hatukuwajua wakamzunguka wakacheza naye. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya yule mtu. Naye hakunitazama usoni. Alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa kijikaratasi cha nailoni kilichokunjwa.

"Alisema nikupe weye mu mukono. Hapana muntu mwingine. Alisema utafahamu."

Ndani palikuwa na taa ya treni. Kipande kilikuwa kimekuwa cheusi kwa jasho na mafuta ya mashine, pembe zake zimelainika. Alikuwa amekitembeza mfukoni miaka yote hiyo. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, hata kabla sijauliza.

"Iko wapi?"

"Kule Kalemie. Anafanya kazi ku bandari."

"Iko na bibi mwingine."

Alifunga tena kifungo cha mfuko. "Vita ilikuwa murefu, mama mwalimu. Iko na batoto babili."

Nilifumba mkono. Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea, watu wananipa mikono ya pongezi, mume wako mzima, Mungu mkubwa, nami nikawa naitikia asante, asante. Mama mkwe alizunguka na ngoma yake mpaka akafika mbele yangu, mikono juu, uso umelowa. Ndipo akaona ngumi yangu. Akasimama.

"Iko na nini mu mukono?"

Nikafungua. Hakuhitaji kuelezwa; alikuwa mke wa mashinisti kabla mimi sijazaliwa. Mikono yake ilishuka. Alifungua fundo la kitenge kiunoni, akaketi kwenye ukingo wa jukwaa, miguu ikining'inia juu ya reli, nami nikaketi karibu yake.

"Alirudisha bâton," akasema.

"Eyo, mama."

Wanawake walimwita arudi kucheza. Akanishika mkono, na kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, kama mtu anayeomba msamaha, akaniambia, "Iko muzima, mama. Nifanye je? Iko muzima."

"Cheza," nikamwambia. "Iko mutoto yako. Cheza."

Hakucheza tena siku ile. Lakini treni zilipozoeleka alipanda mojawapo, na samaki wake na kuku wawili miguu imefungwa, aende akaone wajukuu. Nilimsindikiza. Aliniambia atarudi, na sote wawili tulikuwa na adabu ya kutosha kuliacha neno hilo lipite.

Nyumbani nilipiga deki, ingawa haikuwa Jumamosi. Nilivuta ubao, nikauweka mezani wazi kwa mara ya kwanza tangu aondoke, maana sasa hakuna aliyehitaji meza ila mimi. Nilimimina kopo la mbingu. Ilinichukua msimu mzima wa mvua, kipande kwa kipande, buluu kwa buluu, na hakuna aliyenipongeza. Kila nilipofika mahali nilipodhani kimoja kimeliwa na panya, nilikikuta chini ya kingine.

Taa niliiweka mwisho. Ilikataa kidogo, ilikuwa imevimba. Niliibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikaingia. Bado inaonekana, nyeusi kati ya wenzake. Kisha nikarudi nyuma nikatazama, treni, daraja, theluji, mbingu yote, nikatafuta tundu popote. Miaka yote ile, mchwa, mvua, wanajeshi, ule mwendo wa kijinga barabarani. Nilikuwa nimehifadhi vizuri. Hakikupotea hata kimoja.